Mzee Abaki Nyumbani au Apelekwe Makaoni?



Juma hili twazungumzia jambo ambalo familia nyingi hunong'onezana wala hazilisemi waziwazi: mzazi akishakongoka, hawezi tena kupika wala kuoga peke yake, naye atunzwe wapi? Wako wanaosema kwamba kumpeleka katika makao ya wazee ni kumtupa. Wako nao waliochoka mno, wasiojua njia nyingine. Sisi twaona kwamba kabla ya kuuliza ni wapi, yafaa kuuliza mzee ahitaji nini.

Hapo ndipo twapenda kuwapeleka Kwa Vonza, kaunti ya Kitui. Huko kiko Kijiji cha Nyumbani, kilichotokana na juhudi za Padre Angelo D'Agostino, aliyekuwa pia amefungua makao ya watoto jijini Nairobi mwaka 1992. Ukimwi ulipowaua vijana, wakabaki watoto bila wazazi na wazee bila wana wa kuwategemea. Katika ardhi ya takriban ekari 1,000 zikajengwa nyumba, na katika kila nyumba bibi au babu mmoja huishi na watoto wapatao kumi. Ziko shule, zahanati na mashamba. Bibi, ambaye Wakamba humwita susu, hupika, hulima, huonya na husimulia ngano.

Kwa jina, hayo ni makao. Lakini mzee wa pale hakuketishwa kitini kungoja sahani. Kuna watoto wanaomhitaji kila kunapokucha. Nasi twajifunza kwamba mzee aweza kulishwa vizuri katika nyumba ya mwanawe na bado akawa mpweke, iwapo hapana anayemtaka shauri wala anayempa hata mchele wa kuchagua.

Dini yetu imetuamuru kuwatendea wema wazazi, hasa wanapofikia uzee mikononi mwetu. Amri hiyo ni ya watoto wote. Lakini tazameni majumbani: mara nyingi mzigo wote huangukia binti mmoja au mke wa mwana, aachaye kazi na asiyelala usiku, huku ndugu zake wakipiga simu kuuliza hali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nyumba ya namna hiyo haidumu. Mhudumu akianguka, mzee naye huanguka.

Basi familia na iketi igawane kazi: nani atoe fedha, nani alale na mzee usiku gani, nani ampeleke hospitali. Anayemhudumia apewe siku ya kupumzika kila juma. Chooni patiwe vyuma vya kushikia, na njia ya kwendea iwe na taa. Wahudumu wa afya ya jamii waombwe wafike nyumbani. Mzee aliyetimu miaka 70 asajiliwe katika mpango wa Inua Jamii. Shilingi 2,000 kwa mwezi hazitoshi, lakini ni haki yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yamtaka mzee aishi kwa heshima na apate matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali.

Hata hivyo, wako wasio na mtoto wala ndugu, na wako wanaoteswa katika nyumba walimozaliwa. Kwa hao makao ni stara, wala si aibu. Unguja nako ziko nyumba za wazee, Sebleni na Welezo. Mkilazimika kutafuta makao, ulizeni: nani atamwosha mama yetu, mwanamke au mwanamume? Chakula ni halali? Atasaidiwa kutawadha na kuelekezwa kibla? Usiku huwa na wahudumu wangapi? Nasi twaweza kumzuru bila kutoa taarifa? Makao yanayochukia kuzuriwa ghafla tuyaogope.

Na juu ya yote, mzee mwenyewe aulizwe. Si haki watu wakutane chumba cha pili kumwamulia atakapofia, ilhali akili yake timamu na masikio yake yasikia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatunza wazazi wetu kwa upole, nasi atupe wa kututunza. Wabillahi tawfiq.