Gari la kukodi Ulaya: uhuru wa nani?

Leo nina hasira kidogo kwa hiyo mnivumilie.

Kuna ushauri umeshika kasi hapa mjini, hasa kwetu sisi tuliomaliza chuo juzi juzi na kupata kazi. Mtu akibahatika kupata semina Ulaya anajipangia kubaki siku tisa au kumi za ziada atembee. Ndipo washauri wanapojitokeza: "Kodi gari bwana, uwe huru! Treni ni za wanafunzi na wazee." Nimeusikia ofisini, nimeusikia kwenye vikao vya harusi, nimeusikia hata kwa shemeji yangu ambaye hajawahi kuvuka Namanga. Ushauri huu ni mbovu. Na usidhani ni mbovu kwa bahati mbaya tu, ni mbovu kwa sababu uliandikiwa mtu mwingine, sisi tumeuokota na kuuvaa kama mtumba.

Kisa chenyewe hiki hapa. Mwaka jana tulikuwa watatu kwenye mafunzo Bonn, Ujerumani, wiki tatu. Mafunzo yakiisha tulikuwa na siku tisa kwenye viza. Mimi nikasema treni. Wenzangu wawili wakasema gari: tulichukulie Cologne, tupite Paris, tushuke Lyon, Milano, Florence, tukaliache Roma na kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Kura mbili kwa moja, demokrasia ikafanya kazi yake. Mshikaji mmoja akalipia kwenye intaneti kwa hela aliyoipata kwenye upatu wa ofisini, zamu yake aliyoisubiri miezi minane.

Siku ya siku tukafika kaunta na mabegi yetu. Dada wa pale, mpole kabisa, akaomba kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Mwenzetu akatoa kadi yake ya benki, hizi hizi tunazotolea hela kwenye ATM. Akaambiwa hapana. Wanataka kadi ya mkopo ili wazuie dhamana ya euro 800 mpaka gari lirudi salama. Mshikaji akasema nina hela taslimu. Hapana. Akasema lakini nilikwisha lipa kwa kadi hii hii! Kulipa ni kitu kimoja, akajibiwa, dhamana ni kitu kingine, na imeandikwa kwenye masharti. Kweli ilikuwa imeandikwa, chini kabisa, kwa herufi za saizi ya sisimizi. Na kwa kuwa kosa lilikuwa letu, hela hairudi.

Sasa niulize: hapa mjini ni wangapi kati yetu wenye kadi ya mkopo halisi? Tuhesabiane, hata vidole vya mkono mmoja vitabaki. Uhuru huo unaohubiriwa una geti, na mlinzi wa geti anauliza kitu ambacho hatuna.

Geti la pili ni umri. Makampuni mengi ya kukodisha magari kule yanamtoza dereva aliye chini ya miaka 25 nyongeza ya kila siku, na mengine hayampi gari kabisa. Treni inafanya kinyume chake. Kuna pasi ya Eurail, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watu wasio wakazi wa Ulaya, maana yake mimi na wewe. Ukiwa na miaka 27 kushuka chini unauziwa kwa bei ya kijana. Yaani huku unaadhibiwa kwa ujana wako, kule unapunguziwa. Halafu mtu ananiambia gari ndilo la vijana!

Tuseme umevuka mageti yote hayo, una kadi, una miaka 29, una na kibali cha kimataifa cha udereva ambacho nchi nyingi za kule zinakidai pamoja na leseni yako. Umekaa nyuma ya usukani, ambao uko kushoto. Unaendesha kulia. Gari la bei rahisi karibu kila mara ni la klachi na gia, na gia unaibadilisha kwa mkono wa kulia, wewe uliyezoea kamgari ka kutoka Japani kanakojibadilishia chenyewe. Mbele kuna kipilefti. Sisi tumeiita kipilefti maisha yetu yote na jina lenyewe linakupa maelekezo. Pale ukitii jina umekufa.

Halafu bei. Ile unayoiona kwenye tangazo ni ya kukuita tu. Kuichukua gari nchi moja na kuiacha nchi nyingine kuna ada yake, na mara nyingi ada hiyo inazidi kodi yenyewe. Barabara kuu za Ufaransa ni za kulipia: Paris mpaka Lyon peke yake ni zaidi ya euro 35. Uswisi ukigusa barabara kuu unanunua kibandiko cha faranga 40, na hakuna cha wiki wala cha siku, ni cha mwaka mzima hata kama unapita kwa masaa matatu. Kuegesha barabarani katikati ya Amsterdam ni zaidi ya euro 7 kwa saa. Fikiria unakula chipsi huku gari linakula euro 7.

Italia ndiyo kiboko. Miji kama Florence na Roma ina maeneo ya katikati ambayo gari la mgeni haliruhusiwi kuingia saa fulani. Hakuna trafiki wa kukusimamisha mkaongea, kuna kamera tu. Unapita, unapiga picha zako, unarudi nyumbani. Miezi inapita. Wanayo haki ya kukuletea barua ya faini mpaka siku 360 baadaye. Faini ni euro 80 na ushei kwa kila mara uliyopita, na kampuni ya gari kwanza inakata chake kwenye kadi yako kwa kazi ya kutoa jina lako. Ukizunguka mara tatu kutafuta hoteli, umepigwa mara tatu.

Turudi kwetu watatu. Baada ya kununiana pale kaunta tukaenda stesheni ya Cologne. Ukitoka mlangoni mwa stesheni ile, kanisa kuu limesimama mbele yako, huhitaji ramani. Tukanunua tiketi za Paris. Kwa kuwa tulinunua siku ile ile tulilipa ghali, na hili nalisema wazi: treni za kasi za kule zina bei kama za ndege, ukichelewa unalipa uzembe wako. Lakini masaa matatu na dakika kama ishirini baadaye tulikuwa katikati ya Paris. Paris mpaka Lyon ni kama masaa mawili, kwenye reli ya kasi iliyofunguliwa mwaka 1981 wakati wengi wetu hatujazaliwa. Kwa gari ni masaa manne na nusu ukiwa na bahati. Florence tulishuka na kutembea kwa miguu dakika kumi na tano hivi mpaka kwenye lile kuba kubwa. Hakuna kamera iliyotujali.

Sisemi treni ni pepo. Ujerumani, hao tunaowasifia kwa saa, mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa 62 na nusu tu kati ya 100. Ufaransa wakigoma wamegoma. Pasi ya Eurail peke yake haikupandishi treni nyingi za kasi, lazima ulipie na nafasi ya kukaa. Italia tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa usipoigonga kwenye kimashine kabla ya kupanda, faini. Na polisi wakipita kukagua pasipoti mpakani, jua kabisa ni uso wa nani wataanza nao behewani. Lakini angalau treni ikichelewa zaidi ya saa moja, sheria ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida inakurudishia robo ya nauli, masaa mawili nusu. Nionyesheni kampuni ya magari inayokurudishia robo kwa sababu ya foleni.

Na gari lina mahali pake. Kama unakwenda milima ya Scotland, vijiji ambako basi linapita mara mbili kwa siku, kodi. Kule wanaendesha kushoto kama sisi, na kipilefti kinabaki kipilefti. (Viza ya Uingereza ni nyingine, msije mkanilaumu.) Mkiwa familia ya watano na bibi asiyeweza ngazi za stesheni, kodi pia, mkigawana itawalipa.

Ninachopinga ni huu ushamba wa kuona gari ni heshima na treni ni dhiki. Tumeubeba kutoka hapa hapa, enzi za treni ya reli ya kati kufika kesho kutwa. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar mpaka Dodoma mwaka 2024 nawaona mabosi wenye magari yao wakipanga foleni na mabegi, wala hawaoni aibu. Sasa kwa nini mtu huyo huyo akitua Frankfurt anataka usukani? Nitawaambia: picha. Picha ya mkono juu ya usukani na barabara mbele. Mshikaji wangu aliitaka sana.

Hela yake hadi leo haijarudi. Anawaandikia barua pepe kila Jumatatu asubuhi kabla ya kikao cha habari, na kila Jumatatu wanamjibu kwa heshima zote kwamba asome masharti.