Vijana Nao Wapewe Kitabu cha Kuwachekesha

Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni. Miongoni mwavyo vilikuwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, uliotungwa na Jeff Kinney wa Marekani. Sababu iliyotolewa ni kwamba vitabu hivyo vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili ya Taifa. Sisi hatubishani na haki ya Serikali ya kulinda malezi ya watoto wa nchi hii. Lakini kung'oa magugu si kulima kote. Bonde lililosafishwa likaachwa bila mpunga huota magugu mengine, na mpunga wenyewe hadi sasa ni haba.

Hatuna budi tujiulize kwanza mtoto wetu alikuwa akitafuta nini katika vitabu vile. Kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 2007, ni shajara ya mvulana aitwaye Greg Heffley, anayeishi shuleni kwa hofu. Wakubwa wanamwonea, rafiki yake anamponyoka, na kila hila anayoitunga inamrudia mwenyewe. Msomaji anacheka, na katika kucheka anatambua kwamba aibu zake si zake peke yake. Haja hiyo si ya Marekani tu.

Msomaji wetu wa Unguja, Pemba au Mafia huenda haijui Ikolo. Ni kata ya Wilaya ya Kyela, katika Mkoa wa Mbeya, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa: nchi ya mpunga, kakao na baiskeli. Kijana wa kidato cha pili wa huko ana misiba yake. Anaamka na chunusi puani asubuhi ile ile aliyokusudia kupeleka barua. Anampakia msichana kwenye baiskeli, na mnyororo unakatika mbele ya wenzake. Anasimama kumjibu mwalimu, sauti inamgeuka katikati ya sentensi, darasa zima linaangua kicheko. Mtu mzima atasema hayo ni mambo madogo. Kwake yeye ni kiama. Na kijana wa Makunduchi au Chake Chake ni huyo huyo, ila baiskeli yake hupita katikati ya mikarafuu au minazi.

Wazee wa Unyakyusa walilijua jambo hili. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930 na kuuchapisha mwaka 1951 katika kitabu kiitwacho Good Company, ameeleza jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyojenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao na kukaa rika moja, huku wakiendelea kula kwa mama zao. Jambo walilolithamini mno lilikuwa ukwangala, yaani raha ya kuwa pamoja na wenzako, kuzungumza na kutaniana kwa adabu. Vijiji vile vimekwisha. Siku hizi kijana hukutana na rika lake katika shule ya sekondari, ambako kuna kengele, mitihani na viranja, lakini hakuna aliyepangiwa kumfundisha kucheka na wenzake pasipo kuwaumiza.

Fasihi yetu imewahi kumtazama kijana huyu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa Rosa Mistika, hadithi ya msichana aliyechungwa na baba kwa ukali, kisha akakutana na uhuru bila ya kufundishwa namna ya kuishi nao. Riwaya hiyo nayo ilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye ikaruhusiwa na kusomeshwa. Vikafuata vingine, kama Kilio Chetu na Watoto wa Mama N'tilie. Ni kazi zenye manufaa, nasi tunazisifu. Lakini humo mna ukimwi, ufukara na vifo. Kumwonya kijana ni wajibu. Kumwonya tu, asubuhi na jioni, ni kumfanya afunge kitabu na kwenda kutafuta kicheko chake mahali tusipopaona.

Wala tusiambiwe kwamba Kiswahili hakijui kuchekesha. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na hadi leo Bwana Msa na kiko chake wanatuchekesha. Shindano moja lilitupatia mwandishi. Kinyume chake, Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa kutoka Kanada kwa ajili ya vitabu vya vijana wa Tanzania, ilitolewa kwa vitabu vya Kiingereza. Mwandishi hufuata njia iliyofunguliwa.

Kwa hiyo tunasema hivi. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo msimamizi wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, itenge fungu la riwaya za vijana wa sekondari na kutamka wazi kwamba ucheshi unakaribishwa. BAKITA na BAKIZA washirikiane kuwasaidia waandishi wapya. Maofisa elimu wa Bara na Visiwani, kila wanapoondoa kitabu katika maktaba ya shule, waulizwe ni kitabu gani wamekiweka mahali pake. Na walimu, ambao husikia vituko vya vijana kila siku, washike kalamu.

Kijana anayejisoma kitabuni akacheka atathubutu kumwuliza mzazi wake jambo linalomtisha. Asiyethubutu kumwuliza mzazi atamwuliza mwingine, na jibu atakalopewa hatutalijua sisi.