Mtoto wa Nyangwe apewe kitabu cha kuchekesha

Mtoto wa darasa la pili kule Nyangwe, kandokando ya mto Lualaba, anaweza kuimba silabi zote zilizo ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu akizifuta mbili, mtoto anaendelea kuimba zilezile. Amekariri. Kusoma bado.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilizipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, nafasi ya kufundishia katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na madarasa yamejaa. Kinachokosekana ni kitabu cha katikati, kile cha kumpokea mtoto akitoka kwenye silabi, kabla hajakutana na kitabu kizito cha Kifaransa. Kiwe chembamba, chenye herufi kubwa, picha, sura fupi za kurasa mbili tatu, na kisa cha kuchekesha.

Kuna wakubwa watakaosema kicheko kibaki uwanjani. Ndiyo maana vitabu vidogo vingi vya watoto vinahubiri: nawa mikono, lala ndani ya chandarua, tii wazazi. Mambo mazuri, hakuna ubishi. Lakini ni mtoto gani amewahi kumlilia mwalimu amsomee sura inayofuata ya kunawa mikono?

Malalamiko haya si ya Kongo peke yake. Mwaka 1954 mwandishi John Hersey aliandika katika gazeti la Life kwamba vitabu vya watoto wanaoanza kusoma Marekani vinachosha. Mwaka 1957 Dr. Seuss akatoa The Cat in the Hat, kisa cha paka mtundu anayevuruga nyumba mama akiwa hayupo. Maneno tofauti yaliyotumika ni 236 tu, na watoto walikigombania.

Waswahili hawahitaji kuazima paka. Abunuwasi yupo. Kile kisa cha sufuria kina sura tatu tayari: anaazima sufuria ya jirani, anairudisha pamoja na sufuria ndogo, akisema ile kubwa imezaa, anaazima tena, safari hii anasema imekufa. Mtoto anayecheka kwenye sura ya tatu ameshika kwamba jirani aliyekubali sufuria izae hawezi kukataa ife. Hapo mwalimu hana haja ya kuuliza maswali matano ya ufahamu. Kicheko kimejibu yote, na mtoto aliyekaa kimya ndiye wa kusaidiwa.

Suala gumu ni Kiswahili kipi. Nyumbani mtoto anasema mutoto, muti. Kitabu kinasema mtoto, mti. Walimu wengine wanaogopa kwamba lugha ya nyumbani ikiingia kitabuni itaharibu ile sanifu. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni rahisi: msimulizi aandike sanifu, na mama anayeuza sombe aongee kama anavyoongea sokoni. Mtoto atazijua zote mbili, tena atacheka zaidi.

Gharama? Karatasi nne zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi ni kurasa kumi na sita. Shule haiwezi kungoja lori la vitabu lifike kwa barabara za Maniema ya kusini, hasa msimu wa mvua. Wazee wasimulie, mwalimu aandike, na kanisa, msikiti au ofisi yenye mashine ya fotokopi itoe nakala. Wizara nayo ilipie uchapaji wa vile vitakavyopendwa.

Jina la Nyangwe limo vitabuni tangu zamani, lakini kwa machozi. Livingstone alikuwapo Julai 1871 wafanyabiashara wa watumwa walipowafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakazama mtoni wakikimbia. Historia hiyo mtoto ataisoma akikua. Soko lilelile linaweza kwanza kumpa sura ya kuchekesha: mbuzi amekula daftari la madeni la mwenye duka, na asubuhi yake wadeni wote wamefika na majani mabichi kumshukuru. Mwenye duka anatokea mlangoni, ameshika kalamu. Sura ya pili iandikwe na mwalimu wa Nyangwe.