Ulimi Hauna Mfupa, Lakini Una Aibu

Juzi nilimpeleka mpwa wangu Dunga, tukale ngege ufuoni. Yuko kidato cha tatu, na Kiingereza chake cha karatasini ni cha alama za juu. Wakaja watalii wawili, wakamwuliza ni samaki gani yule aliye kwenye sahani. Akainama, kimya. Kijana wa boti, aliyeacha shule zamani, akadakia: "This fis is ngege, very sweet!" Muda si muda wageni wakawa ndani ya boti yake, wanakwenda kutazama viboko.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia njiani, "jibu nililijua. Niliogopa kusema 'fis' wanicheke."

Hapo ndipo penye tatizo. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE imekuwa ikitenga alama 30 kati ya 60 kwa stadi za kuzungumza, lakini mtahiniwa huzijibu kwa kalamu. Mtoto aweza kuzipata zote bila kufungua kinywa!

Wazazi, tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tuujue ulimi wetu. Dholuo haina sauti ya 'sh', lakini Kiswahili kinayo: shule, shati, shilingi. Mtoto aseme 'fishi' kwa Kiswahili, kisha aimeze ile 'i' ya mwisho. Halafu ajizoeze kwa jozi: 'sip' na 'ship', 'sell' na 'shell'. Wala asijidharau. Ile 'th' ya 'think', inayowatoa wengi jasho, Mjaluo anayo tayari katika 'thuol', yaani nyoka.

Pili, asome habari moja kwa sauti kila jioni, dakika 10 tu. Kisha alifunge gazeti, aieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Tatu, asikilize taarifa ya habari redioni, arudie sentensi mojamoja. Ajirekodi kwa simu ya mzazi, ajisikie.

Nne, akikosea usimkate kauli, na ndugu zake wasimcheke. Mwache amalize, kisha ulitumie neno lile kwa usahihi katika jibu lako. Na kama wewe mzazi hukijui Kiingereza, mwambie akufundishe. Anayefundisha hulazimika kusema.

Wala tusimkataze Dholuo. Grace Ogot, aliyezaliwa Nyanza mwaka 1930, alitangaza katika BBC jijini London miaka ya 1950. Akaandika The Promised Land kwa Kiingereza mwaka 1966, na Miaha kwa Dholuo mwaka 1983. Lugha moja haikuifukuza nyingine.

Na mpwa wangu? Tumepatana turudi Dunga Jumapili ijayo, na yeye ndiye atakayewasemesha wageni. Hata akiteleza akasema 'fis', ngege wetu tutamla vilevile.