Bwana Afya Aitwe Mahindi Yakiwa Bado Uwanjani



Siku ya soko pale Nunguni, juu katika vilima vya Kilungu, si ajabu kuona jambo hili. Afisa wa afya wa kaunti, ambaye wengi wetu twamwita Bwana Afya (na siku hizi mara nyingi ni Bibi Afya), akiingia sokoni, habari zake humtangulia. Gunia hili hufunikwa, lile husogezwa nyuma ya duka, na mwenye gunia la tatu hukumbuka ghafula kwamba ana shughuli nyumbani. Humwoni mtu akimwita na kumwambia, "Bwana, njoo uyatazame mahindi yangu."

Maoni yangu ni kwamba twamkimbia mtu ambaye ingetupasa kumwita. Lakini nasema pia kwamba yeye naye mara nyingi huja wakati kazi imekwisha kuharibika. Sisi twaficha, yeye achelewa, na katikati yetu yakaa mahindi ambayo yaweza kuua watoto wetu. Jambo hili si hadithi ya kutishia watu. Limekwisha kutokea hapa kwetu.

Mwaka 1981, wakati Makueni ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitali kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 yakaja makubwa zaidi. Mavuno ya mwezi wa Februari yalinyeshewa na mvua iliyokuja kabla ya wakati wake, na watu wengi waliyaweka mahindi kabla hayajakauka. Mpaka kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na katika hao 125 walikufa. Wengi wao walikuwa watu wa Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na ini likashindwa kufanya kazi. Ugonjwa ukarudi mwaka 2005, na tena 2006, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko mara ile.

Sumu yenyewe wataalamu huiita aflatoksini, na wengine huiita sumukuvu. Hutoka katika kuvu inayoota juu ya mahindi, karanga na nafaka nyingine zikiwa na unyevu na joto. Ubaya wake ni huu: haionekani, hainuki, wala haiishi kwa kupikwa. Mama akichemsha mahindi hayo mchana kutwa, sumu yabaki. Kuyatwanga na kuyakoboa kwa ajili ya muthokoi hupunguza sehemu ya sumu, kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini, lakini haiondoi yote. Tena ukimpa ng'ombe mahindi mabovu, sehemu ya sumu hupita katika maziwa, na maziwa hayo ni ya mtoto wako.

Sheria ya Kenya hairuhusu mahindi ya chakula kuwa na zaidi ya sehemu 10 za sumu hii katika sehemu bilioni 1. Ili tufahamu udogo wa kipimo hiki, ni sawa na gramu 10 tu katika magunia zaidi ya 11,000 ya kilo 90. Ndiyo sababu mtu asiseme, "Mimi nimekula mahindi miaka 60, nayajua kwa macho." Punje yenye kuvu yaonekana, kweli, na yafaa itupwe. Lakini punje nzuri kwa macho yaweza kuwa na sumu vilevile. Kwa sababu hiyo Bwana Afya huchukua kidogo kutoka gunia hili na lile, huandika, hufunga, na hupeleka kupimwa.

Sasa tumtazame Bwana Afya mwenyewe, maana wengi hawaijui kazi yake ila ile ya kufunga hoteli. Tangu mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kazi hii iko chini ya serikali za kaunti. Yeye hutazama vyoo, visima, takataka, hoteli, na maduka ya vyakula. Huongozwa na Sheria ya Afya ya Watu, Sura 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura 254. Sheria zampa uwezo wa kuingia, kuchukua sampuli, kuzuia chakula kibaya kisiuzwe, na kukiharibu. Mwaka 2004 ndivyo ilivyofanyika: vyakula vilikaguliwa, na vilivyoshukiwa vikachukuliwa na kuharibiwa. Serikali nayo ikaleta chakula kingine kwa watu wa sehemu zile.

Lakini angalieni jambo lililoonekana mwaka ule. Wapimaji walikwenda katika masoko 65 wakachukua sampuli 350 za mahindi kwa wauzaji 243. Zaidi ya nusu ya sampuli hizo zilikuwa na sumu kupita kipimo cha wakati ule, ambacho kilikuwa sehemu 20. Mahindi yaliyokuwa yameharibika nyumbani yalikuwa yamekwisha kuingia sokoni, na mtu aliyemaliza yake akanunua ya jirani. Wakati Bwana Afya anapofika sokoni, basi, hana dawa mkononi. Hawezi kuyarudisha mahindi yakawa mazuri. Analoweza ni kuyazuia na kuyaharibu, na kwa kufanya hivyo amwondolea mkulima ada ya shule na chakula cha miezi mitatu.

Ndiyo maana watu humficha. Mimi siwasifu, lakini nawaelewa. Mjane mwenye magunia manne na watoto watano, akiambiwa kwamba matatu yatachomwa na hakuna atakayemlipa, atafanya nini? Atayauza usiku. Na atakayeyanunua ni mwenye watoto watano vilevile. Sheria inayomwacha maskini mikono mitupu huzaa maficho, na sumu hupenda maficho.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, moja kwa kila upande.

La kwanza ni letu wakulima. Tumwite Bwana Afya, pamoja na Bwana Shamba, mahindi yakiwa bado uwanjani. Hapo ndipo mashauri yana faida. Tuvune mapema mahindi yakikomaa, tusiyaache shambani yakanyeshewe. Tusiyaanike juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai. Kule Nunguni kuna baridi na mawingu yanayokaa juu ya vilima mpaka saa nne, na mahindi hukawia kukauka kuliko kule chini kwenye joto. Wa vilimani basi asihesabu siku za mwenzake wa bondeni.

Kuna kipimo ambacho kila nyumba yaweza kukifanya. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka thuluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya sehemu 15 katika kila 100, nawe usiyaweke ghalani. Isipogandama, yamekaribia. Lakini mahindi ya kukaa muda mrefu yatakiwa yasizidi sehemu 13 na nusu, kwa hiyo uyaongezee siku za jua. Mifuko ile isiyopitisha hewa ni mizuri kwa kuua dumuzi, lakini mahindi mabichi ukiyafungia humo, umeyafungia na maji yake.

Hapa nataka kusema hasa na ninyi mliopewa mashamba katika skimu. Wazee wetu wa Makueni walijua maana ya kuhamia shamba jipya, tangu ule mpango wa makao wa miaka ya 1940 na 1950, palipofyekwa vichaka vya mbung'o ili watu wapate kulima. Mgeni wa shamba hujenga nyumba kwanza, na ghala husubiri. Mavuno ya kwanza hulala chumbani, chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Uchunguzi uliofanywa baada ya mwaka 2004 ulionyesha kwamba walioweka mahindi ndani ya nyumba, na walioyaweka yakiwa na unyevu, ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa kuliko waliotumia ghala. Ghala iliyoinuliwa kutoka chini, yenye kupitisha upepo, ijengwe kabla ya mavuno ya kwanza, hata kama nyumba itakaa mwaka mmoja bila sebule.

Shauri la pili ni kwa Mabwana Afya wenyewe. Mazoea ya kuonekana tu siku ya soko na siku ya leseni hayafai. Mkulima amwonaye afisa mara moja kwa mwaka, na mara hiyo ikawa ni ya faini, hatamwita kamwe. Miezi ya mavuno yajulikana: Februari kwa mvua za vuli, na Julai au Agosti kwa mvua za masika. Katika miezi hiyo wapande kwenye baraza, waingie makanisani na kwenye vikundi vya akina mama, wabebe chupa na chumvi badala ya kitabu cha faini. Najua kwamba maafisa ni wachache na vilima ni virefu. Lakini wako wahudumu wa afya wa vijijini wanaopita nyumba kwa nyumba, na hao waweza kufundishwa kipimo cha chupa kwa asubuhi moja.

La tatu ni kwa serikali ya kaunti. Itengwe akiba ya nafaka, hata kama ni ndogo, ili anayemwita Bwana Afya kwa hiari yake na mahindi yake yakaonekana mabovu, apewe chakula badala yake. Mwaka 2004 chakula kililetwa baada ya watu kuzikwa. Kikiwa tayari mapema, watakaozikwa watapungua.

Nasikia mtu akiuliza, "Je, walaghai hawataleta mahindi mabovu makusudi ili wapewe mazuri?" Wengine watajaribu. Basi masharti yawekwe: apewe yule tu aliyeita kabla ya kupeleka sokoni, apewe kwa kadiri ya watu wa nyumba yake na si kwa hesabu ya magunia, na aliyekamatwa akiuza kwa siri asipewe kitu. Mwingine atasema kwamba fedha hazitoshi. Kununua mahindi ya kulisha jamaa moja ni gharama, kweli. Lakini kumtibu mtu ambaye ini lake limekufa ni gharama kubwa zaidi, na mara nyingi fedha hiyo huishia kununua sanduku.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko katika siku zile chache kati ya kuvuna na kufunga gunia. Wakati huo jua bado laweza kusaidia, na Bwana Afya ana la kusema zaidi ya "hapana". Mavuno yajayo yakiwa juu ya turubai, na kabla hujatia hata punje moja katika gunia, mtume mtoto akamwite.