Miezi 180 na Mstari Uliojirudia

Tangu Agosti 2018 mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ni mfuko mmoja: PSSSF, wenye makao makuu hapa Dodoma. Bunge laweza kuunganisha mifuko kwa sheria. Kumbukumbu za wanachama huunganishwa na wataalamu wa kanzidata, na hapo ndipo pana swali ambalo hatulijadili.

Chukua mtumishi aliyechangia LAPF miezi 100 akiwa halmashauri, kisha PPF miezi 90 akiwa shirika la umma. Huku ameandikwa Mohamed, kule Muhammed. Sheria inadai miezi 180 ya michango ili mtu astahili pensheni.

Wanafunzi wanaojenga mifumo ya wavuti kwa Django au Laravel wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Wanaweka sharti kwamba namba ya mwanachama isijirudie, wanaendesha amri ya kubadili muundo wa kanzidata, amri inagoma: kuna thamani iliyorudiwa. Mwenye haraka hufuta mstari mmoja. Mwingine hutumia amri ya Django inayoandika kwamba badiliko limefanyika ilhali halikufanyika (desturi ambayo ofisi zetu hazikuhitaji kufundishwa na kompyuta).

Kuna mtego zaidi. Katika PostgreSQL, badiliko likishindikana katikati, kwa kawaida yote hurudi yalivyokuwa. MySQL huthibitisha kila hatua ya muundo papo hapo, hivyo jedwali laweza kubaki nusu jipya, nusu la kale. Kurudia amri bila kulikagua ni kuongeza hitilafu juu ya hitilafu.

Kwa maoni yangu, mtaalamu wa programu hana mamlaka ya kuamua mstari upi ni wa kweli. Ujumbe ule wa kosa ni swali linaloihusu masijala. Majaribio yafanyike kwenye nakala ya kanzidata. Orodha ya waliojirudia ichapishwe. Barua za ajira na michango vilinganishwe. Miezi ijumlishwe, ndipo amri iendeshwe upya. Ukifuta mstari wowote wa yule mtumishi, hafikishi miezi 180.

Wakuu wa idara wanaotaka mfumo uwashwe Jumatatu watenge kwanza majuma ya kazi hiyo. Na kila mwenye kumbukumbu mbili apewe barua, na nafasi ya kujibu, kabla mstari wake haujaguswa.