Mhina wa Marachi

Juma hili twajibu barua ya dada yetu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Marachi, si mbali na mji wa Busia mpakani mwa Uganda. Mara mbili amechukua vipandikizi vya mhina kwa mamake, akavipanda kando ya karo, akavimwagilia asubuhi na jioni. Mara zote mbili vimeoza. Auliza iwapo mti wetu umeikataa bara.

Hatudhani. Mhina asili yake ni nchi kavu, tangu Afrika ya Kaskazini na Arabuni hadi Bara Hindi, na huvumilia kiangazi ambacho maua mengine hayakiwezi. Kilichouua ni maji. Marachi hupata mvua nyingi kuliko Mombasa, tena kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Agosti hadi Novemba. Kuuongezea ndoo mbili kwa siku, na maji ya karo juu yake, ni kuuzamisha.

Basi na atafute mahali palipoinuka, penye jua la kutwa. Udongo ukiwa mzito, ainue tuta na kuchanganya mchanga na kokoto. Kipandikizi kizuri ni cha tawi lililokwisha kukomaa na kugeuka rangi ya kahawia, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja. Apukute majani, azike vifundo viwili ndani ya kopo lililotobolewa chini, aliweke kivulini hadi machipukizi yatokee. Udongo uwe na unyevu tu, usiwe tope. Mche uhamishiwe shambani mvua za Machi zikianza. Zikikatika utakuwa umeshika, na kiangazi cha Disemba hautadai maji yake.

Lakini vipandikizi hunyauka katika safari ya basi ya zaidi ya kilomita 900. Mbegu husafiri ndani ya bahasha. Ni ndogo mno, zimejaa katika vitunda vya mviringo vilivyokauka. Zifungwe katika kitambaa, ziloweshwe siku kadhaa na maji yabadilishwe kila siku, kisha zitawanywe na kufunikwa kwa mchanga mwembamba. Zakawia kuota, asikate tamaa mapema kama tulivyofanya sisi mwaka wa kwanza, tukaupindua udongo wenyewe.

Mwisho wa barua ndio uliotushtua. Katika arusi moja huko, binti wa shemejiye alipakwa piko na mkono ukafura malengelenge. Jani la mhina hutoa rangi ya machungwa iendayo kwenye wekundu wa kahawia, nayo hutaka saa nyingi. Ikiwa nyeusi kwa muda mfupi, imetiwa kitu, na mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele yenye parafenilinidiamini. Ngozi ikishaichukia dawa hiyo, huweza kuichukia maisha yote. Binti huyo asiiguse tena, wala siku za uzeeni akitaka kuficha mvi. Na watoto wachanga wasipakwe hata hina safi, kwani wako wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya katika damu, usioonekana kwa macho, ambao hina huweza kuwavunjia damu.

Kwa hiyo twamsihi asiuache mhina wake. Mwaka wa kwanza auache ukue. Baadaye achume majani, ayaanike kivulini, ayatwange, ayachekeche kwa kitambaa chepesi na kuyahifadhi katika chombo kisichopitisha mwanga. Akiupogoa, utachanua vishada vya maua madogo yenye harufu ambayo sisi wa pwani hatuhitaji kuielezwa. Matawi ya zamani huota ncha za miiba, kwa hiyo usiwe njiani wapitapo watoto. Kwenye ua wa nyuma wafaa zaidi.

Mama yake na amtumie mbegu mwezi wa Januari, ili miche iwe tayari kabla ya masika.